Namna ya kumpima mpanda farasi ufukweni Mombasa kabla hujamwamini

Jumapili jioni maji yakiwa yametoka, nenda Jomo Kenyatta Beach, pale wengi tunapopaita Pirates. Hukosi kuona kijana akipiga shoti juu ya farasi katikati ya watu, mchanga unaruka, simu zimeinuliwa, makofi yanapigwa. Waulize waliosimama kando na watakwambia huyo ndiye bingwa wa pwani nzima. Huenda wamesema kweli. Ila makofi yale yamepigiwa kasi, na kasi ni ya farasi.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye lazima aamue. Mzazi wa Nyali anayemtafutia bintiye mwalimu. Mwenye hoteli anayetaka mtu wa kuwatembeza wageni. Mwenye farasi aliyeombwa amwazime mtu kwa asubuhi moja. Familia inayotaka bwana harusi afike juu ya farasi mweupe na haijui farasi huyo atakuwa mikononi mwa nani. Si lazima wewe mwenyewe uwe mpandaji. Unahitaji macho, muda wa saa moja hivi, na mchanga uliolowa.

Huo mchanga ndio unaokupangia siku. Tazama nyakati za maji kabla ya kumwita mtu, na ukumbuke kuwa huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa jana huenda leo isikufae. Siku za bamvua maji yakitoka hutoka kwelikweli, ufuo unakuwa mpana na mchanga wa chini ni mgumu. Mchanga mkavu wa juu haufai: kwato zinazama, kano za miguu zinachoka bure, na tena haushiki alama. Alama utazihitaji baadaye.

Hatua ya 1: Muulize, kisha usikilize anachouliza yeye

Swali la "umepanda miaka mingapi?" halikupi mengi. Wapo waliopanda miaka na miaka farasi yuleyule, njia ileile, kutoka lango la hoteli hadi kwenye miamba na kurudi. Afadhali umuulize: ni farasi gani aliyekusumbua zaidi, na ulimfanyia nini? Mjuzi atakusimulia habari za farasi. Huyu alikuwa akivuta kushoto, yule alikuwa hajali matatu wala tuktuk lakini akiona turubai linapepea anageuka mbio. Asiyejua atakusimulia habari zake mwenyewe, na debe tupu unalijua linavyovuma.

Muulize pia kama amewahi kuanguka. Akisema hajawahi hata siku moja, ama hajapanda sana ama kuna analokuficha.

Sasa nyamaza uone kama na yeye ana maswali. Farasi ana umri gani? Mara ya mwisho alifanya kazi lini? Anaogopa maji? Anapiga teke? Amezoea lijamu gani, kile chuma cha mdomoni? Ambaye hana hata swali moja na mguu wake umeshaanza kutafuta kikuku cha kukanyagia, hilo liandike.

Jua alijifunzia wapi, usije ukamhukumu kwa kosa lisilo lake. Aliyefanya mazoezi na farasi wa mashindano kule uwanja wa Ngong, Nairobi, atapenda vikuku vifupi na kuinama juu ya shingo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuupunguzia mgongo wa farasi uzito akiwa mbioni. Aliyekulia Lamu juu ya punda ana mizani ya ajabu, bila tandiko wala kikuku, lakini amezoea kukaa nyuma karibu na matako ya mnyama. Akikaa hivyo juu ya farasi atakuwa anamkandamiza kiuno. Hawa wote hufundishika upesi. Cheti cha British Horse Society, chama cha mambo ya farasi cha Uingereza, nacho ni jambo zuri, kwa maana kuna mtahini aliyekwisha kumtazama. Bado mpandishe umwone.

Hatua ya 2: Mtazame akiwa chini

Hapa watu hupita haraka mno, wakati nusu ya jibu iko hapa.

Farasi huona karibu pande zote isipokuwa sehemu mbili: mbele kabisa ya paji la uso, na nyuma kabisa ya mkia. Mjuzi humjia kwa ubavu, usawa wa bega, akisema naye kwa sauti ya kawaida, kisha anaweka mkono shingoni. Anayetokea nyuma kimya kimya akampiga kofi la mapenzi matakoni hajui alichokiponea.

Halafu ukaguzi. Ataondoa mchanga na chumvi ya jasho mahali tandiko litakapokaa, kwa sababu mchanga chini ya tandiko huchuna ngozi kwa muda mfupi sana. Atainua kwato moja moja na kuzichokoa: ufuo wetu una vipande vya matumbawe, kauri zilizovunjika, chupa, hata misumari ya mbao za ngalawa. Atatazama lijamu kama imekaa sawa mdomoni, ikikunja kidogo tu ngozi ya pembe za mdomo bila kuivuta.

Mkanda wa tumbo nao una mambo yake. Farasi wengi hukaza na kutunisha kifua ukiwafunga, wakishapumua mkanda unalegea. Mjuzi anaukaza kidogo kidogo kwa awamu, anamtembeza hatua chache, anaukaza tena kabla ya kupanda, na akishatembea dakika chache juu ya mgongo anaupima mara nyingine. Anayeuvuta kwa mkupuo mmoja huku amebana meno, mtazame farasi: masikio yatalala nyuma na kichwa kitageuka kama anayetaka kuuma. Farasi huyo anakumbuka mikono ya namna hiyo.

Mavazi yake pia yana maneno. Kofia ya kinga yenye mkanda uliofungwa kidevuni. Viatu vyenye kisigino kidogo, ili mguu usipenye wote ndani ya kikuku. Mtu akianguka mguu ukiwa umenasa, farasi humburuta. Pwani hapa utaona wengi wanapanda na kandambili. Kwa picha sawa. Kwa mwalimu wa mwanangu, hapana, na sihitaji kuona zaidi.

Hatua ya 3: Kupanda

Fupi hii. Apande kwa kushoto, hatamu tayari mkononi, na akipata kibao au ngazi ya kukanyagia akitumie bila kuona haya, maana kunauokoa mgongo wa farasi. Ashuke juu ya tandiko taratibu. Ukisikia "puu!" na ukaona mgongo wa farasi umezama, umeshajua. Kisha angalia kama farasi anasimama tuli. Farasi anayeondoka kabla mtu hajakaa sawa ni wa kawaida. La kutazama ni mpandaji anafanya nini. Mzuri atamsimamisha, atangoja, ndipo aombe kuondoka. Wa ovyo ataenda tu alikopelekwa na kujifanya ndiko alikotaka.

Hatua ya 4: Dakika kumi za kutembea tu

Mwambie atembee, hakuna mbio. Wengi watanuna. Wewe tulia.

Mtazame kwa ubavu. Sikio, bega, nyonga na kisigino viwe takriban katika mstari mmoja wa wima. Jiulize hivi: farasi akiondolewa ghafla chini yake, huyu mtu angetua kwa miguu yake, au kwa makalio, au kifudifudi? Aliyekaa kama yuko kwenye kiti cha sebuleni, miguu mbele, atatua kwa makalio. Aliyejikunja mbele na kushika manyoya ya shingo unajua atakapotua.

Sasa mikono, na hapa usiharakishe. Kutoka kwenye kiwiko, kupitia hatamu, hadi kwenye lijamu pawe na mstari ulionyooka. Farasi akitembea kichwa chake kinacheza mbele na nyuma kila hatua. Mkono wa mjuzi unakwenda nacho, kiwiko kikifunguka na kujikunja kidogo, hatamu haining'inii wala haikazi. Anaishika kama nahodha anavyoshika demani, ile kamba ya tanga, upepo ukiwa unabadilika: anausikia, anatoa kidogo, anarudisha kidogo, na abiria hata hajui kama kuna kazi inafanyika. Mkono uliogandishwa hauufuati mwendo huo, kwa hiyo kila hatua farasi anagongwa mdomo na chuma. Utamwona akirusha kichwa juu, akipanua mdomo, akitoa ulimi pembeni. Watu husema "farasi huyu ana kichwa kigumu." Mara nyingi kichwa hakina tatizo lolote, kinatafuta pa kukimbilia.

Masikio nayo yatazame. Yakicheza, moja mbele na moja likigeuka nyuma kumsikiliza aliye juu, mambo ni mazuri. Yakilala bapa muda wote na mkia unapiga huku na huku hata pasipo na nzi, farasi analalamika.

Hatua ya 5: Mchakamchaka, na kusoma mchanga

Kwenye mchakamchaka, mwendo ulio kati ya kutembea na shoti, miguu inakwenda jozi mbili za mkingamo, kwa hiyo utasikia midundo miwili, moja-mbili, moja-mbili. Kichwa cha farasi hapa hutulia, hivyo na mikono itulie. Ikiwa mikono ya mtu inapanda na kushuka pamoja na mabega yake, anajizuia asianguke kwa kutumia mdomo wa farasi.

Mpandaji anaweza kuinuka na kukaa kwa kufuata mdundo. Kwenye mduara, kanuni ni kuinuka wakati bega la nje la farasi linakwenda mbele. Hata kama hulioni upesi, mwambie ageuze upande: mjuzi atakaa midundo miwili mfululizo ili abadili, na atafanya hivyo bila kutazama chini. Asiyejua ataendelea vilevile, au ataangalia bega la farasi kwa muda mrefu hadi aingie majini.

Halafu mpe kazi hii, ambayo sisi wa pwani tunaipata bure. Mwombe azungushe mduara wa kama mita 20, mara tatu, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Kisha ashuke akapumzike, nawe uende ukasome alama kabla maji hayajarudi.

Mduara uwe duara. Ukikuta yai lenye tumbo upande mmoja, hasa upande unaoelekea zizini, ujue farasi ndiye aliyekuwa anaongoza upande ule. Nyayo za mizunguko mitatu ziwe karibu kugusana. Zikiwa zimetawanyika upana wa chumba, hakukuwa na uongozi. Katika mstari alioutembea mwanzo, tazama ukwato wa nyuma umeangukia wapi: farasi aliyelegea mgongo akitembea, wa nyuma hufika kwenye alama ya wa mbele au kuipita. Ukibaki nyuma sana, ama amebanwa na mpandaji ama ana maumivu. Mwangalie kwanza akitembezwa bila mtu kabla ya kumlaumu mtu. Mwisho, nenda mahali aliposimama. Ukikuta mchanga umechimbwa mashimo, farasi alivutwa breki. Ukikuta nyayo nne zimekaa karibu mraba, bila mchimbo, mtu huyo mwekee alama ya juu.

Na ikiwa wapo wawili au watatu unaowapima, kila mmoja mpe ukurasa wake wa mchanga. Hakuna atakayebishana na wewe, alama zipo.

Hatua ya 6: Shoti, kisha kurudi

Shoti ya taratibu ina midundo mitatu. Akizunguka kulia, mguu wa mbele wa kulia ndio uonekane umetangulia. Akizunguka kushoto, wa kushoto. Mjuzi akianza na mguu usio wake ataujua mwenyewe, atarudi mchakamchaka, ataomba upya. Shoti ya mbio kali sina haja nayo kwenye kipimo, maana farasi mmoja akikimbia wenzake humfuata, na akielekezwa nyumbani hukimbia hata ukiwa umelala juu yake.

Hapo ndipo penye mtihani wenyewe. Niliwahi kumsikia saisi mmoja mzee, yaani mtunza farasi, akiupima ujuzi wa kijana kwa maneno machache.

"Mzee, nimkimbize mpaka kwenye zile boti?"

"La, mwanangu. Mpeleke mpaka pale, halafu umrudishe huku akitembea."

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu."

Kwenda kulikuwa rahisi. Alipomgeuza kuelekea zizini, farasi akaanza kwenda upande upande, anatafuna lijamu, mkia juu, na kijana akavuta hatamu, akavuta tena. Kadiri alivyovuta ndivyo farasi alivyozidi kuruka. Anayejua angemzungusha kidogo, angelegeza, angekaa zaidi na kupumua, angemtuliza, halafu aendelee. Ni kazi ya mita mia mbili inayoweza kukuonyesha zaidi ya mbio za kilomita mbili.

Hatua ya 7: Ngamia

Farasi asiyezoea ngamia huogopa umbo lake na harufu yake, na kwenye fuo zetu ngamia wapo, wamepambwa shada, wanabeba watoto. Ongeza boti za mwendo kasi, maboya ya ndizi yanayovutwa, wauza vinyago, na mpira wa watoto unaotoka usikokutarajia. Usimtegee mtu kitisho ili umpime. Utamvunja mtu shingo. Ngoja, ufuo utakuletea wenyewe.

Tazama nani ameona kwanza. Mjuzi huona ngamia akiwa mbali, naye hubadili jambo mapema: anapanua njia, anamgeuzia farasi kichwa ndani kidogo, anaongea. Ukimwona mtu anashtuka pamoja na farasi wake, hakuwa akitazama mbele. Na farasi akishtuka akaruka, mpandaji akipepesuka au hata kuanguka, hilo halimwondoi kwenye hesabu, mabingwa huanguka. Litazame la baada yake. Anayemchapa farasi baada ya kitu kupita anamfundisha kwamba ngamia akitokea na fimbo inafuata, na safari ijayo hofu itakuwa maradufu. Huyo usimpe farasi wako, hata akiwa na kiuno cha dhahabu.

Hatua ya 8: Mwache mpandaji, mfuate farasi

Amemaliza. Kuna mmoja atashuka, atampa mtu hatamu, na kuomba simu aone video. Mwingine atalegeza mkanda kwanza, atamtembeza kivulini, ataomba ndoo ya maji.

Mwendee farasi mwenyewe. Pembe za mdomo: kuna damu, wekundu, mchubuko? Ubavuni kuna alama za fimbo? Ondoa tandiko upitishe vidole kando ya uti wa mgongo kwa mkandamizo wa wastani. Akizama au kutetemeka ngozi mahali pamoja kila ukipita, pameumia, ama kwa tandiko ama kwa mtu. Pima mapigo ya moyo kwenye mshipa ulio chini ya taya, uhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Farasi mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Katika mashindano ya masafa marefu, daktari wa wanyama hamruhusu farasi kuendelea mpaka mapigo yashuke hadi 64 au chini yake. Kwa saa moja ya ufukweni, kama dakika ishirini baadaye bado yuko juu ya hapo, amesukumwa kupita kiasi.

Joto letu huchangia. Unyevu wa Mombasa huzuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo mibaya zaidi. Mpandaji anayejua kazi atakuambia mapema kwamba hapandi saa sita mchana, aje alfajiri au baada ya Alasiri. Akimaliza humwagia farasi maji baridi mwilini, anamwacha anywe, na anamwosha chumvi ya bahari miguuni na pale mkanda ulipopita.

Kuamua

Majaji wa dresaji, mashindano ya kumwongoza farasi kwa miondoko iliyopangwa, hutoa alama 0 hadi 10 kwa kila kitendo, 0 ikiwa hakikufanyika, 5 ikiwa kimepita kwa shida, 10 ikiwa ni bora kabisa. Unaweza kufanya hivyohivyo hatua kwa hatua, lakini usijumlishe ukapata wastani. Aliyepata 8 kwenye shoti na 2 kwenye hatua ya pili hajawa na 5; ni mtu hatari mwenye kipaji.

Kwa mwalimu wa mtoto, nazipa uzito hatua ya 2, ya 4 na ya 7, na sijali kama shoti yake si ya kuvutia. Kwa mtu wa kuwaongoza wageni, hatua ya 6 ya kurudi nyumbani kwa kutembea ndiyo kila kitu, kwa sababu atakuwa na farasi wanne nyuma yake watakaoiga wa mbele. Kwa anayeazima, mjaribu juu ya farasi wa pili mwenye tabia tofauti, mvivu baada ya mwepesi; wengi wanajua farasi mmoja tu. Akiwa katikati katikati, mpe farasi mtu mzima aliyetulia, saisi akiwa kando, kwa matembezi tu, umtazame tena baada ya wiki kadhaa.

Kwa harusi, mwite siku moja kabla pamoja na wapiga ngoma, farasi yuleyule, shada zilezile, njia ileile. Ngoma zikianza farasi akirudi nyuma na aliyemshika anavuta hatamu kwa nguvu zake zote, bwana harusi aje na gari.